Hayupo, Bila Udhuru

Mke wangu alikufa Alhamisi ya kwanza ya mwezi, saa nane na dakika ishirini mchana, dakika arobaini kabla ya kikao cha baraza la mji. Kwa waliomjua, la kushangaza hapo si kifo. Ni kikao. Katika miaka kumi na minne ya udiwani hakuwahi kukosa hata kimoja. Alihudhuria akiwa na homa. Alihudhuria akiwa na mguu kwenye plasta, akauweka juu ya kiti cha mbele na kumwambia aliyekikalia asimame. Mara moja alihudhuria kikao kilichokuwa kimeahirishwa, akakaa peke yake ukumbini nusu saa nzima, kwa sababu tangazo la kuahirisha halikuwa na mhuri.

Siku hiyo alikuwa anapiga pasi gauni lake la bluu. Akakaa chini ghafla, kama mtu aliyekumbuka jambo, akasema kifua kinambana. Jirani alitoa gari. Hospitali wakamlaza, wakamwekea mpira wa hewa puani, nami nikavuta kiti karibu. Akanishika mkono. Nilidhani ataniambia lile neno ambalo watu waliooana miaka thelathini hulibania mpaka dakika ya mwisho.

"Andika barua ya udhuru," akasema. "Mimi nitatia sahihi. Uipeleke kabla ya saa tisa."

"Barua gani tena, bibie? Pumzika kwanza."

"Fundi," akaniita. "Kabla ya saa tisa."

"Haya, nitaipeleka. Lala."

Sikuandika. Nesi alikuwa na kalamu mfukoni, niliiona. Karatasi zilikuwepo mezani. Nilijiambia akishapata usingizi nitakwenda mara moja. Alipopata usingizi, nilibaki nikimtazama, na baada ya muda mfupi yule nesi akaja, akamshika mkono, akaangalia saa ya ukutani na kuandika kitu kwa kalamu ile ile.

Sikumwambia mtu habari ya barua.

Inabidi nieleze kidogo mambo ya baraza. Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kinatazamana na ukumbi wa mji, na madiwani wote kumi na wanne, pamoja na karani wao, nimeshawashonea au kuwabadilishia soli. Wengine nawajua kwa miguu kuliko kwa sura. Mke wangu waliwahi kumpa jina la Mama Kanuni, kwanza kwa kumcheka, baadaye kwa kumwogopa. Kabla yake madiwani walikuwa wanakosa vikao wanavyotaka. Mmoja anamtuma dereva aseme ana wageni. Mwingine anapiga simu, na ukisikiliza vizuri nyuma yake unasikia mpira unatangazwa. Ndipo mke wangu alipoleta hoja, ikapita, ikawa Kanuni ya Tisa: mjumbe atakayekosa kikao ataleta barua yenye sahihi ya mkono wake mwenyewe, kabla ya kikao kufunguliwa, asipoleta, ataandikwa kwenye daftari "Hayupo, bila udhuru", na kumbukumbu za kikao zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ukumbi, wananchi wasome.

Wananchi walisoma. Walikuwa wanasoma na kucheka, na mimi nilikuwa nasikia kila kitu kutoka kibandani. Diwani wa Stesheni aliwahi kuandikwa bila udhuru miezi mitatu mfululizo, na vijana wa kijiwe wakawa wanamwita Bwana Bila.

Wiki mbili baada ya mazishi nilifungua kibanda. Siku hiyo hiyo, kabla sijapasha gundi, shemeji yangu, yaani dada wa mke wangu, akaja anahema, kitenge kimekaa upande.

"Shemeji, umeusoma ubao?"

"Sijausoma."

"Usiusome."

"Kuna nini?"

"Nimekwambia usiusome! Nyanyuka twende ukasome."

Tukavuka barabara. Kumbukumbu za kikao cha Alhamisi ile zilikuwa zimebandikwa kwa pini nne, kurasa mbili tu, kwa kuwa habari ilipofika ukumbini walikuwa kwenye ajenda ya pili, wakasimama wote, wakaahirisha. Hilo liliandikwa vizuri: wajumbe walisimama dakika moja, wengine walilia. Lakini juu, kwenye orodha ya mahudhurio, jina la mke wangu lilikuwa la kwanza, kwa sababu orodha inafuata urefu wa utumishi. Mbele yake, kwa mwandiko wa karani ulionyooka kama mshono wa mashine: Hayupo, bila udhuru.

"Mtu amekufa!" shemeji akapiga kelele, na watu wawili waliokuwa wanasoma tangazo la kudhibiti mbuzi wakasogea pembeni. "Amekufa, na wao wanamwandika mtoro! Kufa siyo udhuru? Wanataka udhuru gani zaidi ya huo?"

Yeye alikuwa na hasira na karani. Mimi nilikuwa naona kitanda, na kalamu ya nesi.

Tulimkuta karani ofisini kwake, katikati ya makabati ya chuma. Ni mtu mwembamba, mpole, anayevaa viatu vya kufunga kamba hata Jumamosi. Miaka kumi na minne alibishana na mke wangu kuhusu mihuri, koma na nani aseme kwanza, na kwenye mazishi alilia mpaka ndugu wengine wakaanza kuulizana ni wa upande gani.

"Karibuni, shemeji. Karibu, mama. Nilijua mtakuja."

"Ulijua?" shemeji akasema. "Ulijua, ukaandika hivyo hivyo?"

"Mama, saa tisa kamili niliita majina. Barua haikuwepo mezani. Nilikuwa sijui lolote. Nikaandika kama Kanuni ya Tisa inavyosema."

"Na ulipojua?"

"Nilipojua, wino ulishakauka." Akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Kumbukumbu zinaandika kilichotokea. Hakuwepo, ni kweli. Barua haikuwepo, ni kweli. Mimi nikibadilisha kimya kimya, marehemu mwenyewe asingenisamehe. Mnamjua. Angerudi."

"Afadhali arudi," shemeji akasema, "akunyooshe."

"Hata mimi ningefurahi," karani akasema, na ilikuwa wazi kuwa hatanii.

Akatueleza njia. Kumbukumbu bado hazijathibitishwa. Zingethibitishwa kikao kijacho. Mwananchi mwenye jambo anaweza kuomba kusikilizwa, ila aandike siku saba kabla.

"Nani aliweka hizo siku saba?" shemeji akauliza.

Karani akaangalia dari.

Basi nikaandika. Barua yangu ya kwanza kwa baraza, baada ya miaka kumi na minne ya kulala kitanda kimoja na baraza. Jioni zile nilikuwa nakaa mezani kwake na kitabu chake cha kanuni, kile chenye jalada la kijani lililoshikwa kwa plasta ya jeraha. Shule nilifika kidato cha nne, naelewa ninachosoma, ila kanuni zina tabia ya kukuzungusha. Unaingia kwa mlango mmoja na kutokea kwa jirani. Pembeni mwa kurasa aliandika kwa penseli. "Upuuzi." "Nani kaandika hii?" "Uliza kikao kijacho." Penye Kanuni ya Tisa alichora nyota. Nilisoma kama mtu anayemsikiliza mkewe anaongea chumba cha pili, na siku ya nne nilifika Kanuni ya Thelathini na Moja, ambayo pembeni yake hakuandika chochote. Nikaisoma mara tatu. Kisha nikatoa cheti cha kifo kwenye bahasha, nikaangalia saa iliyoandikwa.

Siku ya kikao nilikaa benchi la wananchi. Shemeji alikaa karibu nami, amevaa kama anakwenda kufungisha ndoa ya mtu kwa nguvu. Viti vya madiwani vilikuwa kumi na vinne bado, kimoja kitupu, kimefunikwa kitambaa cheusi. Chini ya meza niliona kazi yangu yote imejipanga: soli za diwani wa Stesheni zilizolika upande wa kushoto, vile viatu vya diwani wa Sokoni ambavyo nimevishona visigino mara tano kwa sababu anapiga mguu chini akibishana, na ndala za diwani wa Machinjioni, ambaye huvua viatu dakika ya kumi na kulala dakika ya kumi na tano.

Mwenyekiti ni mtu mnene, anayependa mambo yaishe. Akagonga meza.

"Ajenda ya tatu, kuthibitisha kumbukumbu. Tuna maombi ya fundi, shemeji yetu, kuhusu mahudhurio ya marehemu. Waheshimiwa, naomba tulimalize kibinadamu, tuendelee na mtaro."

Bwana Bila akawa wa kwanza kunyoosha mkono. "Mwenyekiti, hili jambo dogo. Tuandike alikuwepo. Kiroho alikuwepo."

"Kiroho haina safu, Mheshimiwa," karani akasema. "Kuna 'Yupo', kuna 'Hayupo, kwa udhuru', kuna 'Hayupo, bila udhuru'. Basi."

"Ongeza safu."

"Daftari limeshachapwa."

"Chora kwa rula! Wewe karani una rula ya kazi gani?"

"Naunga mkono," akasema diwani wa Machinjioni, amefumbua jicho moja.

"Unaunga mkono nini, Mheshimiwa?" mwenyekiti akauliza.

"Kilichosemwa."

"Kipi?"

"Cha mwisho."

"Cha mwisho ni swali kuhusu rula."

"Basi naunga mkono rula," akasema, akafumba lile jicho.

Watu wa benchini wakacheka. Diwani wa Sokoni, mama wa visigino, akasimama na kupiga mguu chini, nikasikia kisigino cha kulia kinalia vibaya.

"Mwenyekiti, tunazunguka bure. Barua ililetwa, ikapotea. Nani hapa hajui ofisi hii inavyopoteza vitu? Barua yangu ya mtaro imepotea mara nne!"

"Haikupotea," karani akasema, uso umemwiva. "Ilijibiwa. Jibu ndilo lililopotea."

"Mnasikia? Mnasikia wenyewe!" Akanigeukia. Yeye na mke wangu walikuwa wanagombana kila mwezi na kusukana nywele kila Jumapili. "Shemeji, hebu kumbuka vizuri. Si uliileta barua? Ukampa mtu pale mlangoni?" Akanikonyeza kwa uso mzima, mpaka mwenyekiti akageuza macho kwa adabu.

Nilikuwa naweza kusema ndiyo. Lilikuwa neno moja tu, na kila mtu pale ndani alitaka nilitamke, hata karani, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa ili asilazimike kuniangalia. Shemeji akanikanyaga kidole.

Nikasimama. Mimi si mtu wa kuongea. Nyumbani kwetu kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe.

"Sikuleta," nikasema. "Aliniagiza. Alikuwa kitandani hospitali, akaniambia andika, nitie sahihi, upeleke kabla ya saa tisa. Nikamwambia lala. Sikuandika. Kwa hiyo kosa ni langu, si lake, na si la karani."

Shemeji alitoa mguu wake juu ya wangu. Hakuniangalia. Niliogopa zaidi hilo kuliko baraza zima. Baada ya muda akafungua mkoba, akatoa leso, akaniwekea mkononi, na hapo ndipo nilipojua kwamba naihitaji.

"Pole, shemeji," mwenyekiti akasema taratibu. "Pole sana. Sasa, kwa masikitiko, kama barua haikuwepo..."

"Bado sijamaliza, Mwenyekiti," nikasema, na nikasikia mshtuko ukumbini, kwa sababu hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mke wangu, na hata mimi sikujua kama ninayo. "Naomba karani asome Kanuni ya Thelathini na Moja."

Karani aliinua kichwa. Niliona anaitafuta akilini kabla ya kuitafuta kitabuni. Akafungua, akalowesha kidole, akasoma: kiti cha mjumbe kitakuwa wazi endapo mjumbe atafariki, na kitahesabiwa kuwa wazi tangu saa ya kifo chake.

"Cheti hiki hapa," nikasema. "Saa nane na dakika ishirini. Kikao kilifunguliwa saa ngapi?"

"Saa tisa kamili," karani akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alikuwa anafurahi, namna mtu anavyofurahi akikutana na adui wake wa zamani sokoni.

"Kwa hiyo saa tisa kamili..." mwenyekiti akaanza.

"Saa tisa kamili hakuwa diwani," karani akasema.

"Alikuwa nani?"

"Mke wangu," nikasema.

Bwana Bila akapiga meza. "Na asiye mjumbe hawezi kukosa kikao! Mimi hapa sijawahi kukosa kikao cha madaktari hata kimoja, miaka yangu yote, kwa sababu si daktari!"

"Hatimaye umepata kikao usichokosa," diwani wa Sokoni akamwambia, na ukumbi ukalipuka, mwenyekiti akagonga meza huku mabega yanamtikisika, na shemeji akacheka akilia, akaninyang'anya leso yake.

Karani hakucheka. Alikuwa amesimama na daftari kifuani.

"Mwenyekiti, kuna jambo moja. Fundi ana haki kabisa, kumbukumbu zina kosa. Lakini siwezi kuandika 'kwa udhuru'. Udhuru ni wa mjumbe. Kusahihisha hapa ni kuliondoa jina lote. Orodha ya siku ile itakuwa ya wajumbe kumi na watatu." Akanigeukia, akashusha sauti kana kwamba tuko wawili. "Shemeji, umeelewa? Ukurasa ule hautakuwa naye kabisa. Mwisho wake kwenye daftari utakuwa kikao cha mwezi uliotangulia."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Jioni zote zile mezani, nililiona lile neno "bila" tu na namna ya kuling'oa. Sikuona kwamba limeshonwa kwenye jina. Ukibaki na neno, unabaki na jina: yupo pale wa kwanza, juu ya wote, anagombezwa lakini yupo. Ukiliondoa, yanaondoka yote.

"Tunaweza kuliacha hadi kikao kijacho," mwenyekiti akasema. "Hakuna haraka."

"Muulize dada yake," nikasema, kwa woga.

"Mimi?" shemeji akasema. "Mimi nilikuja hapa kupigana na mtu. Haya mengine ni yako na mkeo."

Nikatazama kile kiti chenye kitambaa. Nilijaribu kumsikia angesema nini, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile sikupata taabu kumsikia. Angesema tunapoteza muda, mtaro unasubiri, na kanuni ndiyo hiyo, imesomwa kwa sauti, nani hajaisikia?

"Futeni," nikasema.

Diwani wa Sokoni akatoa hoja. Diwani wa Machinjioni akaunga mkono, na hapo alikuwa macho yote mawili, amevaa na viatu. Aliunga mkono akijua anachounga. Mikono kumi na mitatu ikanyooshwa. Karani akaweka daftari mezani, akachukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari mmoja kutoka mwanzo wa jina mpaka mwisho wa neno "udhuru", polepole, bila kutetemeka. Pembeni akaandika namba ya kanuni na tarehe, akatia sahihi, akasukuma daftari kwa mwenyekiti, naye akatia yake. Kisha karani akapuliza wino na kusubiri ukauke kabla ya kufunga.

"Ajenda ya nne," mwenyekiti akasema. "Mtaro wa Sokoni."

"Hatimaye!" diwani wa Sokoni akasema, akapiga mguu, na kisigino kikang'oka, kikateleza mpaka chini ya meza ya karani.

Nilikitengeneza kesho yake asubuhi. Hakulipa, na mimi sikumdai. Alikaa kwenye kigoda changu mguu mmoja peku na kunisimulia ugomvi wa mtaro mwanzo mpaka mwisho, nani alisema nini na nani alijibu nini, kama mke wangu alivyokuwa akinisimulia. Nilishona huku nikiitikia "ehee" mahali pake.

Karani alibandika kumbukumbu mpya kwenye ubao mchana huo. Watu walisoma, hawakukuta cha kucheka, wakaendelea na tangazo la mbuzi. Uchaguzi mdogo wa kata yetu umepangwa mwezi ujao, na mpaka sasa waliochukua fomu ni wanne. Vikao vinaendelea kila Alhamisi ya kwanza, saa tisa kamili, na karani anaita majina kumi na matatu.